Chama cha Elimu ya Jamii cha Marekani na Wanachama Wake Weusi

Kila mwaka taarifa ya chama chetu inapotoka, kuna kurasa ambazo wanachama huzisoma kwanza, hata kabla ya hesabu za Mweka Hazina. Ni zile kurasa za mwisho zinazotangaza nafasi: wapi shule inatafuta mwalimu, wapi wauguzi wanahitajiwa, nani anatoa msaada wa masomo, na siku ya mwisho ya kupeleka barua ni ipi. Katika mkutano mkuu uliopita mzee mmoja aliuliza swali ambalo halikupata jibu siku ile, kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kuchwa na watu wa mbali walikuwa wakiyatazama magari yao. Aliuliza, "Matangazo haya huwafikia nani? Maana mimi naona watoto wa nyumba zile zile ndio wapatao."

Nimeliwaza sana swali la mzee huyo. Sina jibu la kumpa juu ya chama chetu, maana hiyo ni kazi ya Halmashauri. Walakini nilikumbuka habari za chama kimoja cha ng'ambo ambacho swali hilo hilo liliulizwa ndani yake kwa muda wa miaka zaidi ya 60, nami nimeona yafaa kuzisimulia hapa kwa urefu kidogo.

Chama hicho ni cha wataalamu wa elimu ya jamii wa Marekani. Kwa wasiolijua somo hili, ni elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: jamaa na ndoa, mji na shamba, kazi, dini, uhalifu, utajiri na ufukara. Mzee yeyote aliyeketi barazani akasikiliza kesi ya mahari mpaka akajua shina lake amefanya sehemu ya kazi hiyo, ingawa hakuiandika kitabuni. Katika vyuo vikuu, hata hivyo, somo hili ni geni kuliko sheria au utabibu. Idara iliyopata sifa kubwa kwanza kule Marekani ni ile ya Chuo Kikuu cha Chicago, iliyofunguliwa mwaka wa 1892, na Bwana Albion Small aliyeiongoza alianzisha gazeti la elimu hiyo mwaka wa 1895.

Mwezi wa Desemba, mwaka wa 1905, watu wapatao 50 walikutana mjini Baltimore, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Wengi wao walikuwa wamekwenda huko kwa mkutano wa mabingwa wa elimu ya uchumi, nao walikuwa wamechoka kuwa wageni katika nyumba ya wengine. Bwana mmoja wa Washington, jina lake Veditz, alikuwa amewaandikia wenzake barua kuwauliza kama waona haja ya kuwa na chama chao wenyewe. Wakakubali. Wakamchagua Lester Ward kuwa Rais wa kwanza, mtu aliyekuwa ameifanyia serikali kazi ya kuchunguza miamba na mimea ya kale kwa miaka mingi. Ada ikawekwa dola 3 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka wa 1906 chama kilikuwa na wanachama 115, na huo ndio mwanzo wa chama ambacho leo kina maelfu ya wanachama. Jina lake la kwanza lilibadilishwa kidogo mwaka wa 1959, jambo lisilotuhusu sana hapa.

Linalotuhusu ni namna habari zilivyokuwa zikienda. Katika miaka ile hapakuwa na gazeti la chama la kutangaza kazi. Mkuu wa chuo akihitaji mwalimu mpya, alimwandikia rafiki yake wa Chicago au wa New York, naye rafiki akamtaja kijana aliyemfundisha. Kijana akapata barua, akapanda gari la moshi, akaajiriwa. Wala hapakuwa na mtu aliyeona kosa, kwa maana waliofanya hivyo walikuwa watu waaminifu wakisaidiana kama marafiki. Tena palikuwa na mkutano wa kila mwaka. Hotuba zilisomwa ukumbini, lakini habari za kazi zilisemwa nje ya ukumbi, katika veranda za hoteli na meza za chakula. Sisi nasi twajua kwamba jambo la maana halisomwi mezani pa Katibu. Husemwa uani wakati chai inapomiminwa.

Mlango wa chama haukufungwa kwa sheria. Mtu aliyelipa dola 3 aliweza kuwa mwanachama. Lakini kuwa mwanachama ni jambo moja, na kusikia lisemwalo uani ni jambo jingine.

Katika mji huo huo wa Baltimore, wakati mabwana wale walipokuwa wakipeana mikono, alikuwako mtoto Mweusi wa miaka 11, jina lake Edward Franklin Frazier. Baba yake alikuwa tarishi wa benki. Chuo cha Johns Hopkins hakikuwapokea vijana wa rangi yake wakati huo, na yasimuliwa kwamba mtoto yule alipopita karibu na majengo yake alikuwa akiyatemea mate, kwa kuwa alijua hataingia humo kamwe. Tutamrudia baadaye.

Kabla yake alikuwako mkubwa wao wote, Daktari W. E. B. Du Bois. Mtu huyu alizaliwa mwaka wa 1868, akasoma Harvard na Berlin, na mwaka wa 1895 akawa mtu Mweusi wa kwanza kupewa udaktari na Chuo cha Harvard. Mwaka wa 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwajiri achunguze hali ya watu Weusi wa mji wa Philadelphia. Akaenda kukaa katika mtaa wenyewe pamoja na mke wake, ambaye walikuwa wameoana punde tu, na akapita nyumba kwa nyumba na karatasi zake za maswali. Nyumba zipatazo 2,500 alizipitia mwenyewe, bila karani wala msaidizi wa kugonga mlango kwa niaba yake. Aliuliza mtu ametoka wapi, anafanya kazi gani, analipa kodi ya nyumba kiasi gani, watoto wangapi wanakwenda shule. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka wa 1899, na hata leo wanafunzi wa somo hili hukisoma.

Basi chuo kilimlipaje? Kilimpa cheo cha msaidizi, asipewe darasa la kufundisha, na kwa maelezo yake mwenyewe jina lake halikupigwa chapa katika kitabu cha chuo pamoja na majina ya walimu wengine. Kazi ilipokwisha, hapakuwa na nafasi. Akaenda Atlanta mwaka wa 1897, katika chuo cha watu Weusi kilichokuwa na fedha kidogo, na huko kila mwaka akaongoza mkutano na kutoa kitabu juu ya jambo moja la maisha ya watu wake: mwaka mmoja biashara, mwaka mwingine kanisa, mwaka mwingine mafundi, na kadhalika. Hakupata kamwe kiti cha kudumu katika chuo kikuu cha wazungu. Du Bois alikuwa na kila kitu ambacho tangazo la kazi huomba: shahada, vitabu, bidii, lugha. Hakuna aliyeweza kusema kwamba habari zake hazikujulikana. Kwa hiyo tusidhani kwamba kila nafasi inayompita mtu imempita kwa sababu hakusikia habari.

Lakini wako wengi ambao kweli hawakusikia, na katika jambo hili watu Weusi wa Marekani walijisaidia wenyewe kwa njia ambayo wazee wetu wataitambua mara moja. Mwaka wa 1910 kiliundwa New York chama cha kuwasaidia watu Weusi waliokuwa wakihama mashamba ya Kusini na kuingia mijini. Chama hicho kikaja kujulikana kwa jina la National Urban League. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa George Edmund Haynes, mtu Mweusi wa kwanza kupata udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, mwaka wa 1912, na somo lake lilikuwa ni elimu ya jamii. Kazi yao ilikuwa ni ile ile iliyowakusanya wazee wetu Nairobi na Mombasa: mtu ameshuka garini na mzigo wake, hajui pa kulala, hajui kazi inapatikana wapi, hana ndugu. Urban League ilimtafutia nyumba na kazi. Tena iliona mapema kwamba haifai kuwasaidia wageni bila kuwasomesha vijana wa kuifanya kazi hiyo, ikatenga fedha za kuwapeleka baadhi yao katika vyuo vya ustawi wa jamii.

Mwaka wa 1923 chama hicho kilianzisha gazeti la kila mwezi, na jina lake kwa Kiswahili ni Nafasi. Kwa Kiingereza liliitwa Opportunity. (Mwaka huo huo, huku kwetu, Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo kiliundwa chini ya uongozi wa Archdeacon Owen, sidhani kwamba huyu alijua habari za yule, lakini yafaa kuikumbuka miaka hiyo pamoja.) Mhariri wa gazeti hilo alikuwa Charles S. Johnson, mwana wa mhubiri kutoka mji wa Bristol, Virginia, aliyekuwa amefundishwa na Profesa Robert Park wa Chicago. Johnson alikuwako Chicago mwaka wa 1919 ghasia za rangi zilipozuka na kuua watu 38, na ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya uchunguzi uliochapishwa baadaye kama kitabu mwaka wa 1922.

Gazeti lake lilikuwa na mambo ya uchunguzi, takwimu za kodi za nyumba na mishahara. Lakini Johnson alifanya na jambo la pili. Tangu mwaka wa 1925 akatangaza zawadi kwa waandishi vijana, na miongoni mwa walioshinda mwaka huo walikuwamo Langston Hughes na Zora Neale Hurston, majina ambayo leo hufundishwa shuleni. Alijua kwamba kijana mwenye kipawa aliye mbali na mji hawezi kuona mlango mpaka mtu aupake rangi. Mwaka wa 1928 akaenda kuongoza idara ya elimu ya jamii katika Chuo cha Fisk, Nashville. Mwaka wa 1930 alikuwa mjumbe wa Marekani katika tume ya kimataifa iliyokwenda Liberia kuchunguza habari za kazi za shokoa, na baada ya taarifa ya tume ile Rais wa Liberia akajiuzulu. Mwaka wa 1946 akateuliwa kuwa Rais wa Chuo cha Fisk, mtu Mweusi wa kwanza kushika cheo hicho.

Kwa maoni yangu Johnson alielewa kuliko wote kwamba habari ni mali. Aliwajua wakuu wa mifuko ya fedha, nao walimwamini. Akisema kijana fulani anafaa, kijana alipata. Lakini jambo hili lina upande wa pili, nao sitauficha. Njia nyingi zilipopita mezani pa mtu mmoja, hata mtu mwema, wako waliobaki nje kwa kuwa hawakumpendeza au hawakumfahamu. Wenzake wengine walinung'unika. Rafiki wa Chicago aliyeandika barua kwa rafiki yake wa New York alikuwa amepata ndugu yake Mweusi huko Nashville.

Sasa turudi kwa mtoto wa tarishi. Frazier alisoma katika Chuo cha Howard, Washington, akamaliza mwaka wa 1916. Mwaka wa 1921 shirika moja la urafiki kati ya Marekani na nchi za Skandinavia lilimpa msaada wa masomo, akaenda Denmark. Wazee wa ushirika watapenda kusikia alikwenda kuchunguza nini: alikwenda kuangalia vyama vya ushirika vya wakulima wa Denmark na shule zao za watu wazima, akiwaza kama njia ile yaweza kuwafaa wakulima Weusi wa Kusini. Kurudi kwake akapewa uongozi wa shule ya ustawi wa jamii huko Atlanta. Mwaka wa 1927 aliandika makala akasema kwamba chuki ya rangi hufanana na ugonjwa wa akili, na akaieleza kama mganga aelezavyo maradhi. Magazeti ya Atlanta yalipoisikia makala hiyo, vitisho vikaja, ikamlazimu aondoke mjini pamoja na mke wake. Akaenda Chicago, akapata udaktari mwaka wa 1931. Akafundisha Fisk, na tangu mwaka wa 1934 akawa Howard. Kitabu chake kikubwa juu ya jamaa za watu Weusi wa Marekani kilitoka mwaka wa 1939.

Katika Chuo cha Howard alikuwako pia Ralph Bunche, mwalimu wa mambo ya siasa, na hapa historia hii inagusa nchi yetu. Baraza la utafiti wa elimu za jamii la Marekani lilimpa Bunche msaada wa kusafiri, akaenda London, ambako Jomo Kenyatta alikuwa akisoma kwa Profesa Malinowski. Kenyatta ndiye aliyemfundisha Bunche Kiswahili. Kisha Bunche akapita Afrika ya Kusini, na mapema mwaka wa 1938 akafika Kenya, akapokewa na wazee wa Kikuyu, Chifu Mkuu Koinange akiwa miongoni mwao, ambaye mwanawe Mbiyu alikuwa amekwisha kusoma Marekani. Mwaka huo huo kitabu cha Kenyatta kikatoka. Nataja jambo hili kwa sababu wako wadhanio kwamba msaada wa masomo ni fedha tu. Msaada ule ulikuwa nauli na posho. Lakini uliwakutanisha watu ambao serikali zao hazikutaka wakutane.

Ninakiri hapa kwamba sisimulii bila uchungu. Katika ujana wangu barua ya nafasi ya masomo iliyokuwa na jina langu ilikaa katika droo ya ofisi moja mpaka siku ya mwisho ikapita. Karani aliyenipa alisema kwa upole kwamba alidhani ni ya mtu mwingine. Sikuambiwa kwamba sifai. Sikuambiwa neno lolote. Ndiyo sababu hadithi ifuatayo hunigusa zaidi ya nyingine.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mfuko wa Rosenwald, uliokuwa ukitoa misaada ya masomo kwa watu Weusi tangu mwaka wa 1928, ulitambua kwamba umewasomesha watu wengi hata wakapata udaktari, na bado vyuo vikuu vya wazungu haviwaajiri. Mwaka wa 1942 Chuo Kikuu cha Chicago kilimwajiri Allison Davis kuwa mwalimu, naye alikuwa mtaalamu aliyeandika habari za tabaka na rangi katika Kusini. Lakini chuo kilikubali baada ya Mfuko kuahidi kulipa mshahara wake. Mwaka wa 1945 Mfuko ukajaribu njia nyingine. Uliandika barua kwa wakuu wa vyuo mamia kadhaa, ukaambatanisha orodha ya wasomi Weusi zaidi ya mia moja, pamoja na shahada zao na vitabu vyao, ukauliza kwa adabu kama wangewafikiria. Wengi hawakujibu. Kati ya waliojibu, wengi walisema hawana nafasi kwa sasa.

Tazameni hapo. Miaka yote ilikuwa ikisemwa kwamba wasomi Weusi hawaajiriwi kwa kuwa hawajulikani walipo. Siku orodha ilipowekwa mezani, sababu ile ilikufa, na ikabidi kila mmoja atafute sababu nyingine. Kwa wale walioitafuta kazi, orodha hiyo haikuzaa matunda mengi. Kwa historia ilizaa ushahidi, maana tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuambiwa.

Miaka mitatu baadaye lilitokea jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Frazier alichaguliwa na wenzake kuwa Rais wa chama cha wataalamu wa elimu ya jamii kwa mwaka wa 1948. Alikuwa mtu Mweusi wa kwanza. Mwezi wa Desemba alisimama mjini Chicago mbele ya chama kilichozaliwa Baltimore akiwa mtoto wa miaka 11, akatoa hotuba juu ya kukutana kwa mataifa ya rangi mbalimbali na jinsi kunavyobadili maungo ya jamii. Hakulia wala hakushukuru kupita kiasi. Alizungumza kama mtaalamu mbele ya wataalamu. Kisha akarudi Howard kwenye madarasa yake, kwa kuwa vyuo vikuu vikubwa vilivyomwalika afundishe kwa muda mfupi havikumpa kiti cha kudumu. Chama kilimpa heshima ya juu kabisa iliyokuwa mikononi mwake. Kazi haikuwa mikononi mwake. Baadaye UNESCO ilimwita Paris, akaongoza idara huko tangu 1951 mpaka 1953. Alifariki mwaka wa 1962.

Wengine walidhani kwamba mlango umefunguliwa kabisa. Lakini katika miji mingi mwanachama Mweusi aliyekwenda kwenye mikutano ya wasomi katika miaka ile hakuweza kulala katika hoteli ya wenzake wala kula nao jioni. Nimekwisha kueleza kwamba habari za kazi zilisemwa mezani wakati wa chakula. Msomaji ajumlishe mwenyewe.

Ilipita miaka 20 baada ya hotuba ya Frazier. Mwaka wa 1968 chama kilikutana Boston. Ulikuwa mwaka mchungu. Daktari Martin Luther King alikuwa ameuawa mwezi wa Aprili. Wanachama Weusi wakakutana peke yao, wakapanga madai yao, wakayapeleka mbele ya mkutano. Hawakuomba heshima. Walitaka mambo ya kawaida kabisa: viti katika Halmashauri na kamati, sauti katika kuamua makala zipi zichapwe, na fedha za kusomesha vijana. Walikuwa wametambua kwamba Rais mmoja Mweusi kwa mwaka mmoja hawezi kubadili chama ambacho kamati zake hazikubadilika. Umoja waliouanzisha ukaja kuwa chama kamili cha wataalamu Weusi wa elimu ya jamii mwaka wa 1976. Wanawake nao walisimama mwaka wa 1969 katika mkutano wa San Francisco, wakiongozwa na Bibi Alice Rossi, na malalamiko yao yalifanana sana na ya Weusi, ingawa mwanamke wa kwanza, Bibi Dorothy Swaine Thomas, alikuwa amekwisha kuwa Rais mwaka wa 1952.

Ndipo mambo yakaanza kusogea. Mwaka wa 1972 Bunge la Marekani lilipanua sheria ya kukataza ubaguzi katika kazi ili iwashike na walimu wa vyuo vikuu, na vyuo vikaona hatari ya kuajiri kwa barua za kirafiki. Nafasi zikaanza kutangazwa wazi. Mwaka wa 1973 chama kilianza kutoa gazeti dogo la habari kwa wanachama wote, Footnotes, ambalo liliwapelekea habari za chama, mikutano na misaada, mwanachama wa Washington na wa kijiji cha Mississippi kwa pamoja. Mwaka wa 1974 ukaanzishwa mpango wa misaada ya masomo kwa vijana wa jamii zilizobaguliwa waliotaka udaktari, fedha zikitoka kwa taasisi ya serikali ya afya ya akili. Vijana mamia wamesoma kwa mpango huo. Fedha za serikali zilipokoma baada ya miaka mingi, wanachama wenyewe na vyama wenza wakachanga ili usife, na sehemu hii ndiyo inayonipendeza kuliko zote.

Mtu aweza kupinga kwamba nafasi ikitangazwa kwa wote barua huwa nyingi, kamati huchoka, na mara nyingine anayepata ni yule yule ambaye angepata kwa barua ya rafiki. Hilo ni kweli. Wako waliotangaza kazi hali mtu wao amekwisha kuketi kitini. Lakini hata tangazo la uongo huacha karatasi, na karatasi yaweza kuulizwa maswali. Maneno ya uani hayaachi kitu.

Wazee wengi wanakumbuka mwaka wa 1959, ndege ya wanafunzi 81 ilipoondoka kwenda Marekani kwa jitihada za Tom Mboya na rafiki zake wa kule. Kabla ya ndege ile, kijana aliyetaka chuo cha Marekani aliandika barua mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa anwani alizonakili kutoka kwa mwenzake. Aliyekuwa na ndugu au mwalimu mwenye anwani alipata mlango. Asiyekuwa naye aliendelea kuchunga ng'ombe. Jamaa na majirani walichanga nauli. Hata katika ndege ile, basi, swali la mzee wetu lilikuwamo ndani, limeketi pamoja na abiria.

Mtu Mweusi wa pili kuwa Rais wa chama cha elimu ya jamii cha Marekani alikuwa William Julius Wilson, mwaka wa 1990. Kutoka Frazier mpaka kwake ni miaka 42. Mwaka wa 2005 chama kilitimiza miaka 100, na Rais wa mwaka huo alikuwa Troy Duster, mjukuu wa Bibi Ida B. Wells aliyepigana na uuaji wa watu Weusi kwa kalamu yake. Mkutano ulifanywa Philadelphia, mji ambao Du Bois aliupita nyumba kwa nyumba na karatasi zake. Mwaka uliofuata tuzo kubwa kuliko zote za chama ilipewa jina la Du Bois, baada ya wanachama kuomba hivyo.

Na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambacho hakikupiga chapa jina lake, kilimfanya kuwa profesa wa heshima wa elimu ya jamii mwezi wa Februari, mwaka wa 2012. Alikuwa amekwisha kuzikwa Accra tangu mwaka wa 1963.